Kabeji za Bwana Elimu

Mwalimu Mkuu Machogu alikuwa na bustani ya mboga iliyozipita bustani zote kutoka Birongo hadi mjini Kisii, na hapakuwa na mtoto hata mmoja shuleni mwake aliyewahi kuonja jani lake. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Bustani ilianzia chini ya baraza ya ofisi ikashuka na mteremko hadi kijitoni, mistari kumi na minne ya kabeji, karoti na spinachi. Mstari wa mbele ulikuwa wa kabeji tupu, ishirini na nne, kila moja na jiwe lake lililopakwa chokaa. Mgeni akipanda kilima kwa njia ya gari, aliziona kabeji kabla ya kuona shule. Kando palisimama kibao chenye maneno CHAKULA BORA, AFYA BORA, na chini yake, kwa herufi ndogo, USIGUSE.

Nyamoita, mpishi wa shule, alikisoma kibao hicho kila asubuhi akienda kuteka maji, kwa kuwa wamisheni walimfundisha kusoma kabla ya kumbatiza, na kila asubuhi alicheka kwa pua. Kisha alirudi jikoni kuwapikia wavulana tisini ugali mweupe wa unga wa kinu cha maji na maharagwe yaliyoogelea kwenye chumvi. Walikula hivyo kuanzia Jumapili hadi Ijumaa, na siku ya Sabato walikula yale yale yakiwa yamepoa.

Zamani haikuwa hivyo. Mumewe alipokuwa mpishi, kabla homa haijamchukua, watoto walikunywa uji wa wimbi asubuhi, na akina mama wa vijijini walileta mizigo ya managu na chinsaga, zile mboga chungu ambazo kila nyumba ya Gusii huzichemsha na kuzitia maziwa. Machogu alipokabidhiwa shule, mambo hayo aliyakomesha katika wiki yake ya kwanza. Uji wa wimbi, alisema, una rangi ya udongo. Managu na chinsaga aliziita magugu. Shule ya kisasa, alisema, hula cheupe. Yeye mwenyewe alikula mkate na chai ya sukari nyumbani kwake, na tangu aje hakuwahi kutia mguu jikoni wala kuonja kilichopikwa humo. Penye miti hakuna wajenzi.

Halafu, mwishoni mwa mwaka wa 1950, ikaja barua ya serikali kwa shule zote za wilaya. Ilisema wanafunzi wale chakula bora, wanyooshe viungo, na kila shule ilime bustani yake. Bwana Elimu, Mzungu aliyesimamia shule hizo, angepita mwezi wa tatu kukagua, na shule itakayompendeza ingeongezewa darasa la saba. Machogu aliisoma barua ile mara tatu, na katika maneno yake yote akashika moja tu: kukagua.

Ndipo ikazuka bustani, na ndipo ikazuka drili. Kila siku saa kumi na moja jioni Machogu alipanda juu ya sanduku la sabuni, amevaa kaptula iliyopigwa pasi na soksi nyeupe za kufika magotini, akapuliza filimbi. Mikono juu! Mikono chini! Goti! Watoto waliozaliwa vilimani, waliopanda na kushuka na mbuzi tangu walipojua kusimama, sasa walifundishwa kunyanyua goti na mtu mwenye kitambi ambaye akipanda ngazi tatu za ofisi hutua kwenye ya pili apumzike. Nyamoita aliwatazama kutoka mlangoni kwa jiko, mwiko mkononi, akasonya mpaka meno yakamwuma.

Kicheko kilimwisha siku alipomwona Okemwa.

Okemwa alikuwa kitinda mimba wake, mwanafunzi wa darasa la sita, na ndiye pekee aliyebaki kati ya watoto wake watatu. Alikuwa ametahiriwa Desemba iliyopita, akarudi shuleni Januari akiwa mwanamume mwenye kunyoosha shingo. Lakini kufikia katikati ya Februari, kila jua lilipoanza kuzama, shingo ile ilijikunja, akaanza kupapasa. Wenzake wakigeuka kulia, yeye alibaki ameelekea kushoto. Akitembea, mikono ilimtangulia. Jioni moja alimgonga mwenzake wakaanguka wote wawili, na safu nzima ikavurugika.

"Mvivu huyu!" Machogu akafoka kutoka juu ya sanduku. "Unajifanya kipofu ili usifanye drili? Zunguka kiwanja mara kumi!"

Okemwa alizunguka. Mzunguko wa nne, giza lilipokuwa linaingia, alitumbukia kwenye mtaro uliochimbwa kuzuia mmomonyoko, mtaro ambao yeye mwenyewe alishiriki kuuchimba, akapasuka mguu kutoka gotini hadi kwenye kifundo. Nyamoita alimsikia akipiga yowe. Alipofika, mtoto alikuwa anapapasa ukingo wa mtaro, na kandili iliyoletwa na wenzake ilikuwa hatua mbili mbele ya uso wake.

"Mama, mbona mmekuja bila taa?" aliuliza.

Nyamoita aliipitisha kandili mbele ya macho ya mtoto, na macho hayakuifuata. Alikuwa amezika wawili. Huyu wa tatu alikuwa anazikwa macho kwanza, mchana akiwa mzima na jioni akiwa maiti inayotembea, naye mama mtu ndiye aliyekuwa anampakulia sahani.

Asubuhi alimpeleka zahanati. Dresa wa pale, yaani mganga msaidizi, aliitwa Fred Ouma, kijana wa kutoka pwani ya ziwa aliyekuwa ameletwa na kazi, naye alizungumza na watu wa milimani kwa Kiswahili kwa kuwa Ekegusii kilimshinda. Alimshona Okemwa mguu, akamfunua kope, akamuuliza maswali mengi. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, macho si mabovu. Macho yana njaa. Huyu anakula nini?"

"Ugali na maharagwe."

"Mboga za majani?"

"Tangu mwaka jana hajaziona."

"Mpe majani ya kijani. Mpe karoti. Kila siku, si mara moja. Mwezi mmoja ataona. Ukichelewa, kioo cha jicho kitakauka, na hapo hata Wazungu hawana dawa." Ouma alinawa mikono. "Na si yeye peke yake, mama. Ugonjwa wa chunguni hauchagui kijiko."

Alikuja shuleni wiki hiyo hiyo na daftari lake, akawapima wote kwa mizani na kuwatazama macho jioni, huku Machogu akidhani ni matayarisho ya ukaguzi na kumshukuru kwa bidii. Wavulana ishirini na watatu hawakuona vizuri jua likizama. Ouma alimwambia Machogu hivyo, Machogu akasema atalishughulikia baada ya mgeni kupita.

Nyamoita hakungoja mgeni apite. Alijifunga kitambaa kichwani, akapanda ofisini.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili, maana Machogu hakuruhusu Ekegusii ofisini mwake hata kwa salamu, "dresa amesema watoto wanataka majani. Nipe ruhusa nichume bustani kidogo. Mistari mbili tu."

"Mama Okemwa, unajua zile kabeji ni za nani?"

"Za watoto. Si hao ndio walilima?"

"Ni za Bwana Elimu. Akikuta pengo, ataandika pengo."

"Kwani atakuja kuzila?"

"Atakuja kuziona."

"Basi kama ni hivyo, wacha watoto nao wakae barazani waangalie mpaka washibe."

Machogu aliinua kichwa. Alikuwa mdogo kwa Nyamoita kwa miaka kumi na mitano, na kijijini kwao yeye ndiye angemwamkia mama huyu kwanza. "Chunga mdomo, mama. Kazi hii ilikuwa ya marehemu. Wewe ulipewa kwa huruma, na huruma huisha. Mkono wako ukionekana kwenye bustani ile, utafunga vyombo vyako siku hiyo hiyo, na mtoto wako atatafuta karo mahali pengine."

Nyamoita alitoka bila kuaga. Mtu mzima mwenye cheti ukutani, mwana wa mwanamke wa Gusii aliyelelewa kwa chinsaga na maziwa mpaka akapata huo ubongo wa kusoma cheti, sasa alikuwa analinda majani yasiguswe na watoto wenye njaa. Alitema mate chini, pale pale kwenye ngazi.

Bado kulikuwa na managu. Yalijiotea yenyewe kati ya kabeji, nayo darasa la tano liliagizwa kuyang'oa kila Jumatano na kuyatupa shimoni ili bustani ipendeze. Jumatano hiyo Nyamoita aliingia shimoni, akaokota kapu moja, akayachemsha na kuyatia maziwa ya mbuzi wake. Sahani moja. Akamtuma mtu amwite Okemwa.

Okemwa alikuja, lakini alisimama hatua sita kutoka mlangoni.

"Ingia, mwanangu, ule haraka kabla hawajaja." Hapo walizungumza Ekegusii chao.

"Mama, niingie jikoni?"

"Dawa yako iko hapa. Ni macho yako."

"Niletee pale tunapokula wote."

"Ni sahani moja! Haiwatoshi."

"Basi siwezi." Kijana aligeuza uso. "Unataka waseme nini? Kwamba nimerudi kuwa mtoto, nakula cha mama jikoni huku wenzangu wananingoja? Hata waliotahiriwa pamoja nami hawatakula nami tena."

"Jana umegonga nguzo ya mlango, leo unanihubiria uanaume!"

"Afadhali nguzo," alisema Okemwa, akaondoka akichechemea.

Nyamoita angeweza kumchapa. Lakini aliijua desturi kama alivyojua kiganja chake: mvulana akishatahiriwa hakanyagi jikoni kwa mama yake, wala hajitengi na wenzake kwa tonge la siri. Na huyu alikuwa na miezi mitatu tu ya utu uzima, kipindi ambacho mtu huwa mkali juu ya heshima yake kuliko mzee wa miaka sabini. Alikaa juu ya kigoda akaitazama sahani ikipoa. Ili kijana wake ale, ilibidi sahani iwafikie wote. Ili amwokoe mmoja, ilibidi awalishe tisini. Na shimo la managu halilishi tisini.

Alicheka, safari hii kwa mdomo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Kesho yake, kabla ya kengele, alishuka na kapu hadi kijitoni, akaingia bustanini kutokea chini. Alianza na mstari wa kumi na nne. Alijua jambo ambalo Machogu mwenyewe hakulijua: kwamba kutoka barazani, mistari miwili ya mbele huificha yote ya nyuma, maana mteremko huinama ghafla baada yake, na kwamba Mwalimu Mkuu hakuwa amewahi kushuka kuitazama kazi yake, kwa sababu bustani ina matope na soksi zake zilikuwa nyeupe. Alichuma spinachi, akang'oa karoti, akakata kabeji kwa majani yake yote ya nje, yale ya kijani ambayo Wazungu huyatupa. Alirudi shimoni kuchukua managu pia. Vyote alivikatakata vyembamba, akavitumbukiza katika sufuria kubwa la maharagwe, akakoroga.

Siku ya kwanza wavulana walikula mpaka tonge la mwisho. Wakalamba sahani. Siku ya tatu mmoja akauliza kwa sauti kama Bwana Elimu amekufa, maana chakula kimekuwa chakula. Okemwa alikula katikati ya wenzake, mgongo wima, bila kumtazama mama yake, naye mama mtu alihesabu kila tonge.

Ujio wa Bwana Elimu uliahirishwa. Mvua ilikata barabara, ikaandikwa barua nyingine kwamba atakuja katikati ya Aprili. Kabeji za mbele hazikuwa na habari za barua. Zilikomaa, zikapitiliza, nyingine zikapasuka vichwa. Machogu akaagiza zifungwe kwa kamba za migomba ili zisipasuke zaidi, na watoto wawili wa darasa la nne wakawekwa zamu kufukuza viwavi. Kila siku alisimama barazani kikombe cha chai mkononi akizitazama kwa mahaba. Nyuma ya kabeji hizo, mstari baada ya mstari, shule ilikuwa inakula.

Wiki ya tano, jioni, Nyamoita alikuwa anamwaga majivu nje. Okemwa alipita njia ya bwenini, mwanga umekwisha kabisa. Alifika kwenye mtaro, akauruka bila kupunguza mwendo, akaendelea na hadithi aliyokuwa anamsimulia mwenzake. Nyamoita aliketi chini palepale kwenye majivu akalia. Hakujali nani anamwona.

Bwana Elimu alifika siku mbili baadaye. Wazazi walikuwa wameitwa, wakajaa kiwanjani. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye kofia iliyochakaa na viatu vizito vya matope, na nyuma yake alikuja Fred Ouma amebeba mizani na daftari. Machogu alimwonyesha drili. Alimwonyesha kibao. Kisha akampeleka barazani, akanyoosha mkono kama bwana harusi anayefunua bibi arusi.

"Bustani yetu, bwana."

Bwana Elimu alitazama kabeji zilizofungwa kamba. Hakutabasamu. "Shule kumi nimepita, zote nimeona kabeji ya mbele. Mimi nataka kuona ya nyuma."

"Kuna matope, bwana."

"Mimi napenda matope," alisema, akashuka.

Machogu alimfuata, soksi zikinyonya udongo, wazazi nao wakashuka. Walipovuka mstari wa pili, wote walisimama. Mbele yao hadi kijitoni palikuwa na vishina tu, na mashimo yalikotoka karoti.

Machogu alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu apewe shule, Ekegusii kikamtoka hadharani. Kikamtoka chote. Mwizi! Alipiga kelele kwamba ni yule mwanamke, kwamba alimkataza kwa kinywa chake mwenyewe asiguse hata jani, kwamba leo leo atamfukuza yeye na mwanawe. Nyamoita, aliyekuwa amesimama kati ya wazazi, alitoka akasimama mbele yake. Wazazi walisikia kila neno.

"Anasema nini?" Bwana Elimu akamuuliza dresa.

"Mimi ni mtu wa ziwani, bwana," alisema Ouma. "Lugha hii sijui." Kisha akafungua daftari. "Lakini hesabu nazijua. Februari, wavulana ishirini na watatu walikuwa hawaoni jioni. Jana nimewapima tena. Wawili tu, na hao wanapona. Uzito umepanda kwa karibu kila mmoja."

Bwana Elimu alilisoma daftari lile taratibu, akaangalia vishina, akaangalia watoto. Uso wake ukafunguka.

"Hii ndiyo nilitaka! Kila mahali naona mboga ya picha. Hapa mboga imeingia tumboni." Akatoa kalamu. "Nani alitoa amri ya kupika hii?"

Machogu alikuwa amemwaga maneno yake sasa hivi mbele ya watu mia, na wote waliyaelewa isipokuwa wawili waliokuwa na kalamu. Aliwatazama wazazi, akaitazama kalamu.

"Ni mimi, bwana," alisema kwa Kiswahili. "Ulikuwa mpango wangu."

Mguno ulipita kwa wazazi, na mahali fulani mama mmoja akacheka mpaka akajiziba mdomo kwa leso. Wakamtazama Nyamoita. Neno moja tu kutoka kwake na yule mtu angeanguka kama mgomba uliokatwa. Nyamoita alilihisi neno lile ulimini, tamu. Kisha akafikiria wale wavulana wawili waliokuwa bado hawaoni, na mwezi ujao, na mwaka ujao, na sahani ya mtoto wake. Sifa haiingii sufuriani.

"Ni kweli, bwana," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kiwanjani. "Mwalimu ndiye alinituma. Mimi ni mtu wa kutumwa tu." Akamgeukia Machogu, akamkazia macho. "Na sasa nyuma imeisha, Mwalimu. Nilikuwa nangoja amri yako. Ile ya mbele nichume?"

Machogu aliangalia soksi zake zilizojaa matope. Bwana Elimu alimtazama, kalamu juu ya karatasi.

"Chuma," alisema Machogu.

"Na tukipanda zingine, nichume kila siku?"

"Kila siku."

"Na managu?"

"Na managu."

Bwana Elimu aliandika yote matatu. Nyamoita alichomoa kisu kiunoni, akapanda mpaka mstari wa mbele, akainama mbele ya wageni wote. Alikata kamba ya kwanza, akakata kabeji, akaitupa kapuni, akaenda ya pili, na hakumbakizia Machogu hata moja ya kuonyesha.